Kapteni Aliyekuwa Akienda Ikola

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, maana mtu ninayetaka kukueleza habari zake hakupenda sauti kubwa. Kama hujui mambo ya jeshi, usijali. Mimi pia sikuyajua. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu pale Misunkumilo, pembeni mwa mji wa Mpanda, na yote niliyojifunza kuhusu askari niliyapata kwa kuchungulia juu ya ua wa minyaa uliotenganisha nyumba yangu na yake. Nitakwenda polepole, na tukifika mahali pagumu tutapumzika kidogo.

Tulimwita Kapteni. Wengine walimwita Afande. Jina lake la ubatizo niliwahi kuliona kwenye karatasi, lakini sikumsikia mtu hata mmoja akilitumia, na sioni sababu ya mimi kuwa wa kwanza.

Tuanze na nishani, kwa kuwa kila mtu alianza nayo. Kama hujawahi kuishika nishani ya ushupavu, ni kitu chepesi kuliko unavyodhani: kipande cha madini, kikubwa kidogo kuliko kizibo cha soda, kinachoning'inia kwenye utepe. Ya Kapteni ilikaa ndani ya kopo la kahawa pamoja na misumari. Aliitoa mara moja kwa mwaka, Siku ya Uhuru, wakati ofisi ya wilaya ilipotuma Land Rover kuja kumchukua. Alipewa kwa sababu katika vita vya Kagera, ng'ambo ya mpaka, penye bwawa la mafunjo, alirudi nyuma risasi zikipita, akambeba mgongoni askari wake aliyejeruhiwa, akatembea naye kwenye maji ya kifuani mpaka upande wetu. Askari yule alipona. Ana watoto, na mmoja wao amepewa jina la Kapteni. Hayo yote ni kweli.

Sasa nikueleze na lile ambalo halikusomwa uwanjani. Nakueleza mapema ili usipoteze nguvu kukisia. Ndani ya mafunjo yale majeruhi walikuwa wawili. Wa pili aliitwa Oresti, kijana wa Ikola, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika. Kapteni alimbeba mmoja, akamwambia Oresti, "Narudi." Hakurudi. Kesho yake kikosi kilipopita pale hawakumkuta Oresti, si mzima wala maiti. Na Kapteni alipoandika taarifa yake, aliandika kwamba hakumwona Oresti kabisa.

Kwa hiyo barua iliyofika Ikola ilisema hajulikani alipo. Mama yake Oresti aliyachukua maneno hayo kama yalivyoandikwa. Mtu ambaye hajulikani alipo, mahali fulani yupo. Akaanza kusubiri.

Kapteni alipostaafu angeweza kwenda kokote. Kwao ni mbali na sitakuchosha na huko. Alikuja Mpanda kwa sababu kutoka Mpanda mtu anapanda lori la kufuata dagaa asubuhi, na barabara ikiwa kavu, jioni ananawa miguu ziwani. Alikuwa anakwenda Ikola kumwambia mama yule ukweli. Alishuka kwenye treni pale stesheni, akatafuta chumba, akasema atapumzika wiki moja. Akakaa miaka saba.

Ukikutana na mtu wa namna hii huwezi kumjua kwa kumtazama. Alipiga pasi ya mkaa suruali yake hata kama anakwenda kununua kiberiti. Alikula chakula cha mchana amesimama, sahani ameiweka juu ya ukuta wa baraza. Redio yake ilikuwa inaongea tangu asubuhi, iwe ni habari, salamu za wagonjwa au mpira, na betri zikiisha alikuja kwangu kukopa zangu, uso umemwiva kama mtu anayeomba dawa. Mwanzoni nilidhani anapenda habari. Baadaye nilielewa kwamba hakutaka nyumba inyamaze.

Tena alikuwa mkali wa taarifa. Jirani akija kusema mbuzi wake amepotea, Kapteni hakumpa pole. Alimuuliza: mara ya mwisho umemwona wapi, saa ngapi, nani alikuwa karibu? Siku moja mzee mmoja mfugaji, aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, alichoka na maswali hayo akamwambia, "Afande, mimi nimepoteza ndama, sikuiba." Tulicheka mpaka Kapteni naye akacheka. Lakini ndama alipatikana, na alipatikana kwa maswali yale. Mtu aliyewafundisha watu wazima wa mtaa mzima jinsi ya kutoa taarifa iliyonyooka ndiye huyo huyo aliyekuwa na taarifa moja mbovu kifuani.

Kulikuwa na jambo jingine dogo. Sisi wote tukiondoka mahali tunasema narudi sasa hivi. Tunasema tu, hata kama tunakwenda kulala. Kapteni hakusema hivyo kamwe. Alisema, "Natoka." Ukimwambia wewe narudi sasa hivi, alikutazama machoni akakuuliza, "Saa ngapi?" Watoto wangu wa darasa la tatu walimwigiza kwa jambo hilo, na mimi niliwaacha, Mungu anisamehe.

Ushupavu wake niliuona kwa macho yangu. Ni mwaka ule nyuki walipovamia shule. Watu wa Mpanda tunawajua nyuki, nusu ya wazee wetu wana mizinga porini, lakini kundi lile lilikuwa limechokozwa na moto wa shambani, likaingia darasani kwangu watoto wamo. Mimi nilikimbia. Nakueleza ukweli ili ujue ninayekuhadithia ni mtu wa aina gani: mwalimu, nilitoka kabla ya watoto. Kapteni aliruka ua, akavua shati, akaingia, akawatoa wawili wawili amewafunika na shati lile, safari baada ya safari, mpaka chumba kikawa kitupu. Jioni uso wake ulikuwa umevimba macho hayaonekani. Nikampelekea maziwa nikamwambia kwamba sijaona mtu shujaa kama yeye.

Akasema, "Mwalimu, nyuki hawaongei."

Sikuelewa. Nilidhani ni homa ya sumu. Sasa naelewa, na wewe bila shaka umeshaelewa kabla yangu: kilichomtisha mtu huyu hakikuwa kuumwa, ilikuwa sauti ya mtu anayemwita kwa nyuma.

Sokoni kila Jumamosi alinunua dagaa kwa mama mmoja tu. Aliitwa Mama Felista, mwanamke mwembamba, mcheshi, aliyekuja na magunia yake kutoka Ikola juu ya lori na kulala kwa dada yake mpaka mzigo uishe. Kapteni alinunua dagaa wengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula, halafu akawagawa mtaani. Mimi nilikula dagaa wake mpaka nikawa nanuka ziwa. Na hapo kwenye meza ya Mama Felista alisimama muda mrefu, akiuliza kama ziwa limetulia, kama mvua imenyesha, kama muhogo umeota vizuri. Mama Felista alimtania mbele ya wenzake: "Nyie, mwacheni Afande apite. Ana paka arobaini nyumbani, na wote ni wanajeshi."

Alikuwa mke wa Oresti. Kapteni alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza. Mama Felista mwenyewe hakujua lolote.

Ili uone uzito wa jambo hili, lazima nikueleze utaratibu wa ukoo ule. Mtu wao akifia mbali na mwili usipatikane, wanazika nguo zake. Kaburi linachimbwa, fupi, nguo zinawekwa, na baada ya hapo msiba unahesabika umekwisha: mama ananyolewa nywele, mke ananyolewa, mke anakuwa mjane na yuko huru kuanza upya. Lakini nguo hazizikwi hivi hivi. Anatakiwa mtu mmoja aliyeona. Anasimama ukingoni mwa kaburi, mzee wa ukoo anamuuliza maswali matatu: ulimwona kwa macho yako? Alikuwa amekata roho? Ulimwacha amelala namna gani? Akijibu yote matatu, nguo zinashuka. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, hakuna kaburi, na kama hakuna kaburi hakuna ruhusa ya kulia.

Mama yake Oresti alikuwa hajamlilia mwanawe. Nguo zilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake. Na Mama Felista, kwa miaka yote hiyo, hakuwa mke wala mjane. Wanaume wawili walikuja kuposa wakarudishwa, maana mume wake hajulikani alipo.

Siku ya Uhuru moja, nadhani ilikuwa ya sita tangu Kapteni ahamie, karani mpya wa wilaya alipewa kazi ya kusoma habari za nishani. Waliomtangulia walisoma mistari miwili. Huyu alikuwa kijana mwenye bidii, akasoma yote: kikosi, mwezi, bwawa lile, hata jina la kijiji cha karibu. Mama Felista alikuwa uwanjani akiuza karanga. Barua ya mwisho ya mumewe ilikuwa imeandikwa kutoka kijiji hicho.

Alikuja jioni ile ile, bado ana sinia ya karanga. Mimi nilikuwa barazani kwa Kapteni, nimefuata betri zangu. Alimsalimia, akapiga magoti kidogo kama wafanyavyo mbele ya wakubwa, akamuuliza taratibu kama katika kikosi kile alimfahamu askari anayeitwa Oresti.

Kapteni alisema anamfahamu.

Basi Mama Felista akamwomba. Hakuuliza kwa nini hukusema miaka yote hii, akili yake ilikuwa imeshatangulia mbele. Alisema mama mkwe miguu imevimba, moyo umechoka, mganga wa zahanati amesema hatamaliza masika mengi. Alisema, "Njoo tu usimame pale, Afande. Ujibu maswali matatu. Basi. Sikuombi kingine."

Kapteni alikubali kwa kichwa.

Mama Felista alipoondoka, Kapteni alizima redio, kitu ambacho nilikuwa sijawahi kumwona akikifanya, akanieleza yote niliyokueleza mwanzoni. Alieleza kama anavyodai wengine waeleze: mahali, saa, nani alikuwa karibu. Halafu akanionyesha shida yake, nami naomba uitazame vizuri. Akisema ukweli, kwamba Oresti alikuwa hai alipomwacha, basi yeye si shahidi. Swali la pili linamshinda. Nguo hazizikwi, mama atasubiri mpaka afe, na Mama Felista atazeeka bila kuwa chochote. Akisema alimwona amekufa, wote wawili watapumzika, lakini atakuwa amemuua Oresti kwa mdomo baada ya kumwacha kwa miguu.

Mimi, kwa tabia yangu, siwezi kumwona mtu amekwama nisimsogeze mbele. Ndivyo ninavyofanya na watoto kwenye hesabu. Nikamwambia, "Afande, sema ulimwona. Ni neno moja. Wewe unaumia, wao wanapona." Nilimwambia kwa upole sana. Nilimtia moyo. Nilidhani nafanya wema.

Masika yalikuja, barabara ikakatika. Kapteni alifurahi nayo barabara ile mbovu kama mgonjwa anayefurahi daktari akikosekana. Kila Jumamosi Mama Felista alimuuliza, na kila Jumamosi alijibu kuhusu matope. Kiangazi kilipofika matope yakaisha, akasema ana homa. Homa ikaisha. Mwezi wa saba nilimfuata mwenyewe nikamwambia shule imefungwa, nitakwenda naye. Nikabeba begi lake mpaka kwenye lori.

Tulipita Kabungu jua linachomoza, tumekaa juu ya magunia matupu. Njia nzima nilimfanyisha mazoezi. Mimi ni mzee wa ukoo, yeye ni shahidi. Ulimwona? Nilimwona. Alikuwa amekata roho? Alikuwa amekata roho. Ulimwacha amelala namna gani? Chali. Alijibu vizuri mara kumi, na abiria waliokuwa nasi walidhani tunakwenda mahakamani.

Ikola walikuwa wanatusubiri. Kaburi lilikuwa limechimbwa nyuma ya nyumba, fupi kama la mtoto. Baba Mkubwa, kaka wa baba yake Oresti, ndiye aliyekuwa mzee wa maswali. Mama yake Oresti walimkalisha kwenye mkeka, miguu imenyooshwa mbele, imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Mkononi alikuwa na wembe mpya, bado umo kwenye karatasi yake. Mama Felista alikaa nyuma yake. Alikuwa amevaa kanga mpya, na nilipomtazama nikaona kwamba amejiandaa kulia, uso tayari umelegea, kama mtu aliyebeba mzigo mzito ambaye ameshaiona nyumba.

Baba Mkubwa akauliza la kwanza. Kapteni akajibu kwamba alimwona.

"Alikuwa amekata roho?"

Nilisubiri. Nikakohoa. Kapteni alikuwa anamtazama yule mama, si Baba Mkubwa.

"Hapana," alisema. "Alikuwa anaongea na mimi."

Sitakueleza kelele zilizofuata. Wengine walisema amelewa. Mwanamume mmoja alinigeukia mimi akaniuliza nimemleta mtu gani hapa. Mama yake Oresti aliinua mkono wenye wembe, wote wakanyamaza.

"Alisema nini?" aliuliza.

"Alisema mguu umevunjika, lakini mikono mizima, anaweza kunishika shingoni. Nilikuwa nimeshambeba mwenzake. Nikamwambia siwezi wawili, mama. Nikamwambia narudi."

"Ukarudi?"

"Sikurudi."

"Walikukataza?"

Hapo ndipo angeweza kujiokoa. Jeshini amri haikosekani, na sisi wote tungemwamini.

"Hakuna aliyenikataza," alisema Kapteni. "Niliogopa. Nilipofika upande wetu nilikaa chini, miguu ikakataa. Nilimsikia akiniita mpaka jua lilipozama. Halafu niliandika kwamba sikumwona."

Kuku walikuwa wanaparua ule udongo mpya wa kaburi na hakuna aliyewafukuza.

"Kwa hiyo alisubiri," alisema mama yule.

"Alisubiri, mama."

Akaurudisha wembe ndani ya karatasi. Akasema aliyeachwa hai yeye hamziki. Akasema sanduku lirudishwe chini ya kitanda na shimo lifukiwe. Baba Mkubwa alimbembeleza, akamwambia ni miaka mingi, mguu umevunjika, maji, adui, nani angepona. Mama yule akajibu kwamba hayo Baba Mkubwa hakuyaona, na aliyeona amesema alivyosema.

Halafu akaamuru mgeni apewe chakula, kwa sababu ametoka mbali.

Walimletea ugali wa muhogo na migebuka miwili, samaki wazuri wa ziwani ambao siku nyingine ningewafurahia. Walimwekea peke yake katikati ya uwanja. Hakuna aliyenawa pamoja naye. Mimi nilinyanyuka niende, mwanamke mmoja akanivuta kanga nikakaa. Kapteni, ambaye nyumbani alikula amesimama, alikaa chini akala chote, watu wakimtazama, mpaka sahani ikabaki mifupa. Sijawahi kuona mtu akila kwa shida namna ile.

Mama Felista alitufuata mpaka kwenye lori. Sasa alikuwa analia, lakini hakikuwa kilio alichokiandaa. Alimwambia Kapteni, "Mimi nilikuwa nakaribia kuwa mjane. Neno moja, Afande. Umenishusha katikati ya njia."

Kapteni alisema, "Najua, mama."

"Hujui. Ungejua ungesema."

Lori lilikaribia Kabungu tena. Hapo akaniambia, bila kunitazama, kwamba nilimfundisha vizuri na yeye ndiye aliyefeli mtihani. Nilijaribu kucheka. Nakiri kwako kwamba nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimehesabu wote waliokuwa wapone siku ile, na sikumwona hata mmoja aliyepona. Naye hakupona. Usidhani kwamba ukweli ulimfanya mwepesi. Alikonda. Jumamosi alikwenda sokoni kama kawaida, akasimama kwenye meza ya Mama Felista, na Mama Felista alimhudumia kama mteja yeyote, bila utani, bila kumtazama. Redio aliacha kuiwasha. Nikimuuliza kwa nini, alisema hana haja nayo, sauti ile anaisikia tu hata redio ikiwa inaongea. Kikohozi kilianza, kile kikavu, na dawa za zahanati hazikukigusa. Niliwahi kumwambia ajitahidi kusahau. Akaniuliza kama ningemwambia yule mama vivyo hivyo.

Mwaka uliofuata, mvua zinakatika, Mama Felista alikuja mpaka nyumbani. Hakuja kwangu. Alisimama nje ya mlango wa Kapteni, hakuingia, akatoa taarifa. Mama mkwe amefariki jana asubuhi. Kabla hajafariki amesema mambo mawili. Nguo za Oresti zitolewe chini ya kitanda ziwekwe pamoja naye kaburini, maana hatamsubiri tena akiwa juu ya ardhi. Anakwenda kumtafuta mwenyewe, amchukulie na nguo.

"Na la pili?" aliuliza Kapteni.

"Amesema kaburi achimbe yule askari."

Sikujua kama ni adhabu au ni heshima. Nilimuuliza Mama Felista, naye akasema hajui, yeye ametumwa tu. Mpaka leo nimejaribu kulielewa kwa kila njia ninayowafundishia watoto, kuanzia mbele na kuanzia nyuma, na sijapata jibu la kukupa.

Alikwenda, na mimi nikaenda kwa sababu hakuwa na nguvu ya kupanda lori peke yake. Ikola udongo wa karibu na ziwa ni mchanga mtupu. Ukichimba kwenda chini, kingo zinakuangukia, inabidi upanue kwanza mdomo wa shimo na kutoa mchanga mara mbili ya unaouhitaji. Ni kazi ya vijana wanne wenye afya. Kapteni alivua viatu, akakunja suruali yake ile iliyopigwa pasi, akaingia na jembe. Alichimba, mchanga ukaanguka. Akautoa, ukaanguka tena. Alipofika magotini alianza kukohoa, akashika kingo, kingo zikavunjika mikononi mwake. Vijana wawili walishuka kumsaidia.

Baba Mkubwa akasema, "Mwacheni."

Wakatoka. Aliendelea. Watu walikaa pembeni, wanawake na vyombo vyao, wanaume na koleo zao ambazo hawakuruhusiwa kuzitumia, jua likapanda, likapita utosini. Shimo lilipomfika kiunoni hakuweza tena kuinua jembe. Aliendelea kwa mikono, akiteka mchanga na kuutupa nje kama mtu anayekumba maji kwenye mtumbwi. Hapo ndipo Mama Felista alipoinuka, akashuka ndani mwenyewe na kanga yake, bila kumwomba ruhusa Baba Mkubwa, akachukua jembe. Alichimba upande wake, Kapteni upande wake. Halafu vijana wakashuka, na safari hii hakuna aliyewarudisha.

Walimzika mama yule saa kumi, sanduku la bati limeegeshwa miguuni pake. Nguo zilikuwa zimeshuka, hakuna aliyeuliza maswali, na Mama Felista alinyolewa kwa ule wembe uliokuwa umehifadhiwa mwaka mzima. Alilia kwa sauti, mara ya kwanza, akilitaja jina la mume wake, na wanawake wote wakaitikia.

Mazishi yalipokwisha Kapteni alikaa pale pale kwenye mchanga, suruali imechafuka mpaka kiunoni, mikono juu ya magoti. Hakuna aliyempa mkono. Hakuna aliyemfukuza. Dereva wa lori alipiga honi, nami asubuhi nilikuwa na darasa. Nilimwinamia nikamwambia twende.

"Nenda, Mwalimu," alisema. "Mimi sijaambiwa niondoke."

Nilipanda. Nilipogeuka alikuwa bado amekaa, na Baba Mkubwa alikuwa amekaa pia, hatua kumi kutoka kwake, wote wanatazama ziwa. Waliniambia alikaa siku tatu, na ya nne mzee yule alimwambia nenda. Aliporudi Mpanda mimi nilikuwa nimeshapelekwa kwenye semina ya walimu Sumbawanga, na mwezi uliofuata, kabla sijarudi, alifariki kwa kile kifua. Sikumwona tena.

Basi na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu ambaye ulikuwa wa mwisho kumwona, nenda kwao wiki hii, wakati mama yake bado anaweza kukuuliza. Piga hodi, sema jina lako, sema ulimwacha wapi na alikuwa anasema nini. Jibu unaloulizwa, usiongeze. Ukimaliza, kaa chini, na usinyanyuke mpaka wao wakuambie nenda.